Kipimajoto katika Jamu ya Embe

Shangazi yangu alijua jamu imewiva kwa kutazama uzi. Alichota tone, akalibana kwa vidole viwili, akavitanua taratibu. Uzi usipokatika, huepua. Siku hizo alikuwa hauoni tena uzi huo, na jambo hilo tulilijua sisi wawili tu. Mtaani bado ndiye aliyeitwa kupika halua na jamu kila penye harusi, na bila ya kazi hiyo asingejua aamkie nini asubuhi.

Mimi niliacha chuo mapema. Nikabeba mizigo forodhani, nikachochea moto wa garimoshi la Bububu, kisha nikaosha vyombo jikoni kwa Mzungu mmoja. Huko nilimwona mpishi akipika jamu kwa kipimajoto, kijiti cha kioo chenye zebaki ndani. Ikipanda hadi alama fulani, jamu tayari. Nilipoacha kazi nikapewa kimoja cha zamani, nikamletea shangazi.

"Wewe koroga, mie ntatazama alama," nilimwambia. "Nani atajua?"

Akacheka. "Basi macho yangu nshakukabidhi wewe."

Jirani wa mlango wa pili alituazima sufuria yake kubwa ya shaba iliyotiwa bati, akaileta mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akajibu, kisha akamgeukia shangazi. "Huyu mzururaji wako yupo bado? Ipo siku atakuchomea nyumba, nawe utamtetea."

Embe na sukari zikatokota. Nikakisuuza kipimajoto kwa maji ya kisima, nikakitumbukiza. Kikalia ta, kikapasuka. Yule mpishi alikuwa akikitia kwanza katika maji ya moto; mimi nilidhani anakiosha.

Vitone vya zebaki vikazama. Shangazi hakuona.

"Imefika?"

"Bado."

Akaendelea kukoroga. "Sasa je?"

"Bado, shangazi."

Akapitisha kidole kwenye mwiko ili aonje. Nikamdaka mkono, nikamwambia kipimajoto kimepasuka na zebaki ni sumu.

Hakunigombeza. Tulichimba shimo uani, tukaimwaga jamu yote. Sufuria tukaisugua kwa majivu na ndimu, lakini zebaki ilikwisha kulila bati, ndani mabaka matupu. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu, kwa hiyo akatia mikate ya kumimina iliyokuwa chakula chetu cha jioni, tukaenda.

Jirani akaitoa mikate, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Nani kaifanya hivi?"

Nikafungua mdomo. Shangazi akaniwahi.

"Mie. Macho yangu hayaoni tena, mwenzangu. Nimeangusha kitu humo, sikukiona."

Nilijua ananikinga nisifukuzwe mtaani, na nikakubali kukingwa.

Jirani alilainika mara moja. Akamshika bega. "Mbona hukusema? Basi Bi, usijisumbue tena. Tutapika sisi, wewe ukae utuelekeze."

Harusi iliyofuata shangazi alitandikiwa mkeka mbali na moto, akaletewa kahawa kama mgeni. Hakuna aliyemuuliza neno. Kila mwiko ulipogonga sufuria aligeuza kichwa, nami nikatafuta pengine pa kutazama.

Muda si mrefu nikaondoka mjini. Nilipopita Mkokotoni, alikoolewa binti wa shangazi, nikakaribishwa ndani.

"Kweli mama kaharibu sufuria ya watu?" aliniuliza.

"Macho," nikamjibu.

"Maskini," akasema, akanipakulia wali.