Mama Emmy wawili na jina moja la mkate

Ko, ko, ko. Saa kumi na nusu alfajiri, katika nyumba ya mabati pembeni mwa mtaa wa Kipsongo, mjini Kitale, Mary Ann Nyaruai anageuza mkate juu chini, anaugonga kitako kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio. Mkate ulioiva hulia kama debe tupu. Ambao haujaiva hunyamaza.

"Huu bado," ananong'ona, maana ukuta wake na wa jirani ni mmoja na watoto wa huko wamelala.

Anaurudisha kwenye oveni ambayo mumewe, Ngige, fundi wa kuchomelea vyuma, aliiunda kwa pipa la mafuta. Mlangoni upo mtungi wa maji uliojaa hadi shingoni. Jirani huuacha hapo kila jioni tangu bomba la Nyaruai lilipokauka. Nyaruai naye humwekea mkate wa kwanza dirishani.

Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita amewapikia watu wa mtaa huo mikate na keki ndogo. Wengi hawajui kama ana jina lingine. Wao humwita Mama Emmy, kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye sasa anasomea uuguzi.

"Hata kanisani nikisimama kusema jina langu, watu wanaulizana, huyo Mary Ann ni nani?" anasema akicheka. "Ukishazaa, jina lako linaenda kupumzika."

Siku njema huuza mikate themanini, na akishatoa gharama ya unga, sukari na kuni, hubaki na shilingi kama elfu moja. Karo ya Emmy hutoka humo. Kwa hiyo supermarket moja mjini ilipomwambia kwamba iko tayari kuchukua mikate yake kila siku, alihisi Mungu amemfungulia mlango. Sharti lilikuwa mkate uje kwenye mfuko wenye jina lake mwenyewe, jina lisilo na mgogoro. Walimpa muda hadi Pasaka.

Nyaruai hakuona shida yoyote. Alikwenda kwa Cheptoo, mwanamke kijana mwenye duka la kompyuta, amchoree mfuko wenye picha ya mkate unaofuka moshi na maneno "Mama Emmy" kwa herufi nyekundu.

"Mama, umetafuta hii jina kwanza?" Cheptoo aliuliza.

"Nitafute nini na sijaipoteza?"

"Kuona kama kuna mtu mwingine ako nayo."

Nyaruai alitoa kwenye mkoba kibali cha kaunti na cheti cha jina la biashara, akaviweka mezani. Cheptoo alivitazama vizuri, kisha akamweleza polepole. Cheti kile kinasema biashara ni yake. Hakisemi kwamba jina lile, likiwa juu ya mkate, ni lake peke yake. Hilo ni jambo la alama ya biashara. Lina daftari lake huko Nairobi, na bidhaa zimegawanywa humo kwa makundi. Mikate na keki zina kundi lao.

"Lakini mtoto si nilizaa mimi?" Nyaruai alishangaa. "Hiyo jina nilitoka nayo leba! Nani ataniuliza?"

Leo anajicheka kwa maneno hayo. "Nilifikiria jina la mtoto wako haliwezi kuwa la mwenyewe mwingine. Kumbe Emmy ni wengi, na kila Emmy ako na mama."

Cheptoo hakumcheka. Aliwaomba wateja waliokuwa kwenye foleni wamvumilie, akaketi na Nyaruai na kutuma ombi la kuchunguzwa kwa jina lile. Alikataa malipo ya kazi yake. "Lipa tu ile ya serikali," alimwambia.

Jibu lilipokuja, jina lilikuwa limeshikwa. "Mama Emmy", kwenye kundi la mikate na keki, lilikuwa limesajiliwa na Phelista Walubengo wa Bungoma.

"Nilisikia kama mtu amenichukulia mtoto mgongoni," anasema Nyaruai.

Alijaribu kila njia. Vipi akiongeza "wa Kitale"? Vipi akiandika "Emi"? Cheptoo alitikisa kichwa. Haijalishi herufi, alisema. Mnunuzi akisikia jina na kulidhania ni lile lile, tayari ni mgogoro.

Mtaani ushauri ulikuwa wa bure na mwingi. "Chapisha tu bana!" alisema mwendesha bodaboda mmoja anayemnunulia kila asubuhi. "Bungoma ni huko! Ataonea wapi?"

Emmy, binti mwenyewe, alikuwa na maoni yake. "Mum, badilisha tu hiyo kitu. Huku chuoni wananisalimia, 'Niaje, Mkate!'"

Ilibaki njia moja. Mwenye jina akikubali kwa maandishi, ofisi inaweza kulifikiria ombi. Basi Nyaruai alivaa vazi lake la kanisani, akafunga mikate mitatu kwenye kikapu, akaenda Bungoma kumtafuta huyo Mama Emmy mwingine. Kwao alifundishwa kwamba mtu haingii kwa mwenzake mikono mitupu. Kwamba anampelekea mwokaji mkate, hilo halikumjia kichwani mpaka alipofika langoni.

Phelista, mwanamke mnene wa miaka hamsini na mitatu, alitoka jikoni unga ukiwa umemfika viwikoni.

"Mulembe, mama. Karibu, ingia," alisema, ingawa hakumjua. Akapokea kikapu, akakifunua. Juu ya kila mkate palikuwa na kibandiko anachotumia Nyaruai mtaani: Mama Emmy. Phelista alimtazama mgeni, akautazama mkate, akamtazama mgeni tena.

"Ati umenibebea mkate yangu mwenyewe?"

Nyaruai alitamani ardhi ipasuke. Alianza kueleza, lakini mwenyeji alimkatiza. "Ngoja. Kwetu mgeni haulizwi shida na njaa iko kwa tumbo. Nawa mikono."

Kuku alichinjwa. Ugali ukaja. Ndipo baada ya kula Nyaruai aliposema yote, la supermarket, la Pasaka na la karo. Phelista alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa urahisi, kama mtu aliyeombwa chumvi: "Leta hiyo karatasi niweke sahihi. Bungoma na Kitale, sisi ni watu wa mlima mmoja."

Kwa furaha, Nyaruai aliuliza, "Na Emmy wako ako darasa gani?"

Phelista alinyanyuka, akafuta kwa kanga picha iliyokuwa ukutani. Msichana mdogo, sare ya shule, meno mawili ya mbele hayapo. Alifariki akiwa darasa la pili, kwa ugonjwa wa seli mundu. Ni miaka kumi na minne sasa.

"Watu waliogopa kuniita Mama Emmy baada ya hapo," Phelista alimweleza. "Ati wataniumiza. Nikawaambia, mkiacha kuniita hivyo ndiyo mtaniumiza. Nikaandika kwa mkate, wasome hata kama hawataki." Kuna wakati mtu mmoja alianza kuuza mikate migumu kwa jina hilo, na ndipo kikundi chake cha akina mama kilipomchangia akalisajili. "Mkate mbaya ikiuzwa na hiyo jina, mimi nasikia ni kama mtoto ametukanwa."

Kalamu ilikuwa mezani. Nyaruai anasema aliichukua, akairudisha kwenye mkoba wake pamoja na karatasi.

"Hakunikataza," anasema. "Alikuwa ameshasema ndiyo, na angeweka sahihi akitabasamu. Lakini mimi ningekuwa naona hiyo picha kila nikifunga mkate."

Alirudi Kitale bila sahihi, bila jina, na Pasaka ikiwa karibu.

Jina la kwanza alilompelekea Cheptoo lilikuwa "Mkate Mtamu wa Kitale". Cheptoo alimshauri aliache, kwa kuwa maneno yanayoeleza tu bidhaa na mahali ni vigumu mtu kuyamiliki. Kila mwokaji ana haki ya kusema mkate wake ni mtamu.

Ndipo Nyaruai alipokumbuka desturi ya kwao. Binti wa kwanza hurithi jina la mama mzazi wa baba, na wa pili jina la mama mzazi wa mama. Emmy, kwa jina lake la Kikuyu, alirithi jina la mama yake Ngige, na kwao husemwa bibi huyo amezaliwa tena. Waliofuata wakawa wavulana watupu. Mama yake Nyaruai, Nyambu, anayeishi kwa mwanawe nje ya mji, alikuwa bado anangoja zamu yake.

"Nikasema, huu mkate basi ndiyo binti yangu wa pili."

Safari hii hakusubiri kuambiwa atafute. Jibu lilirudi safi. Hakuna mkate wala keki yenye jina Nyambu, wala linalofanana nalo. Bibi kizee alipopelekewa habari, na kipande cha mkate kikiwa bado na joto, alitafuna kwanza. "Kumbe nimezaliwa tena," akasema. "Na nimezaliwa na siagi!"

Pasaka ilipita. Supermarket ilipoona jibu la uchunguzi ilikubali kungoja mifuko mipya. Ombi la usajili limeshatangazwa, na mwenye pingamizi ana siku sitini za kulitoa. Cheti kikitoka, Nyaruai anapanga kununua oveni ya pili na kuwaajiri wanawake wawili wa Kipsongo ambao sasa huamkia vibarua wasivyovijua. Wateja wa zamani bado humwita Mama Emmy, na yeye huitika. Ni kwenye mkate tu ndipo alipoliacha.

Saa mbili asubuhi, mikate ya leo imekwisha kuondoka. Simu inalia. Ni Phelista, na sauti yake inajaza nyumba nzima.

"Zile siku sitini zimebaki ngapi? Usiogope, mimi sitapinga!" anacheka. "Lakini mama, utakuja lini tena? Emmy wako akifunga chuo, kuja na yeye. Nataka nisimame hapo jikoni nimwite hiyo jina kwa nguvu, na mtu aitike."