Adela na maelekezo yaliyopitwa na wakati

Leo binamu yangu Adela amelia mbele ya kompyuta, hapa kwangu Hamugembe.

Ametoka kijijini Kishanda kujifunza kutengeneza programu zinazofanya kazi kwenye simu za aina zote. Tangu asubuhi anafuata maelekezo ya mtandaoni ya kuandaa zana za kazi kwenye kompyuta, na kila akijaribu zinagoma.

"Dada, kichwa changu hakiwezi. Narudi kwenye migomba."

Nikajaribu mimi, ambaye hii ndiyo kazi yangu jamani. Zikagoma vilevile!

Kumbe zana zimebadilika, maelekezo yamebaki ya zamani.

Tukahangaika mpaka zikakubali, Adela akawaandikia marekebisho wenye maelekezo hayo. Wamejibu sasa hivi: "Pole sana. Tumeshayaweka, wengine wasikwame."

Kanitazama. "Kwa hiyo sikuwa mjinga?"

Hebu mjibuni hapo chini, anasoma.