Meno ya Bibi Ukutani

Juzi, nikitoka Bugembe kwenda Mbale kwenye harusi, nilishuka Namakwekwe makusudi nikautazame ukuta wa shule yetu. Nikaukuta umepakwa rangi ya njano, tangazo la simu toka mwanzo hadi mwisho. Nilisimama pale nimepigwa na butwaa, boda boda wakinipigia honi, nikitafuta meno ya bibi yangu.

Subiri nikueleze. Tulikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa sanaa alituletea kitabu cha picha za Meksiko: mifupa imevaa nguo nzuri, imejaa maua, inacheka. Akasema kule watu huwachora hivyo wapendwa wao, nasi tutawachora wetu kwenye ukuta wa barabarani, mtaa mzima uone. Aliposema "wapendwa", mimi nikaacha kusikiliza. Kumbe alikuwa ameendelea: wapendwa waliokufa.

Bibi ndiye aliyenilea. Alisuka kawa za kufunikia chakula, za rangi ya waridi, kijani na machungwa, na nyumba yetu ilinukia ukili mbichi na kahawa ya tangawizi. Basi nikamchora ukutani akiwa mifupa mitupu, na shuka lake la maua, kawa mkononi, na meno meupe thelathini na mawili. Nilijivunia kazi ile, we acha tu.

Jirani yetu Mkenya, muuza chapati, ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Huyu mtoto amemzika nyanya yake akiwa hai!" Mwalimu akakimbilia chokaa aifute picha. Mara bibi mwenyewe akafika, kandambili zimejaa vumbi, akautazama ukuta.

"Hii ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa hii meno yote umetoa wapi?" Yeye alikuwa amebaki na mawili tu. Akamgeukia mwalimu. "Bwana, wacha hiyo. Mimi napenda hiyo meno."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa, na mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinionea huruma tu.

Hakuacha picha hata moja ya kamera. Nikifumba macho nimwone, anakuja akicheka, meno yote mdomoni, wala sikumbuki tena yale mawili yake yalikuwa ya juu au ya chini.