Mawe ya Mama, Ardhi ya Ukoo

Makande yakianza kushika chini ya chungu, harufu ile ya mahindi na maharage yanayoungua hunitia hasira. Wanangu husema ni uzee. Basi uzee huo ulinianza nikiwa darasa la tatu, huko kijijini Mhezi, milimani juu ya Same.

Nilikuwa mtoto wa jikoni. Wenzangu walikimbilia msituni kucheza. Mimi nilikumbatia jiko kama paka, na hadi leo hata Same mjini huteremshwa kwa kuburutwa. Kwa hiyo nilisikia mengi. Kila mavuno baba, sahani ya makande magotini, alisema, "Shamba la bondeni ni la mama yenu. Zile kuta za mawe za kuzuia udongo kazipanga yeye."

Mzee wa kanisa akamsihi aandike wosia. Baba, mwandishi wa barua za nusu ya kijiji, akacheka. "Niandike wosia, kwani naumwa?"

Homa ikamchukua kabla kahawa ya msimu ule haijaiva.

Siku ya kumaliza matanga, baba mdogo alilitaka shamba. Shuleni tulikuwa tukiimba kwamba ardhi ni ya wote. Kwa ujinga wangu nikadhani hao wote ni pamoja na mama.

"Shemeji," mama alisema, "marehemu alinipa, watoto wakisikia."

"Wapi?"

"Hapa hapa, tukila."

Baba mdogo akachota makande yetu, akatafuna taratibu. "Maneno ya kwenye makande humezwa na makande. Ardhi ni ya ukoo."

"Na kuta nilizojenga?"

"Mawe ni yako, shemeji. Yabebe."

Wazee wa ukoo wakacheka! Chakula cha mama mdomoni, wakacheka.

Tangu hapo, mama akipita bondeni na majani ya ng'ombe kichwani, alitua mzigo, akarudisha jiwe lililoporomoka, akaenda zake. Niliona aibu. "Mama, si letu tena!"

"Najua. Twende."

Miaka mingi nilimlaani baba mdogo. Lakini fisi utamlaumu vipi kwa mfupa ulioachwa mlangoni? Aliyeuacha ni baba yangu mpenzi, na hilo lilinichoma zaidi nilipolielewa. Mimi wosia wangu nimeuandika. Hata chungu hiki kina mwenyewe. Binti yangu akauliza, "Mama, unatuaga?" Nikamwambia ageuze makande, yanaungua.

Baba alikuwa na kalamu, akaogopa kujitabiria kifo. Mama hakujua kusoma, akabaki kuandika kwa mawe, kwenye shamba la mtu.