Sahani ya Sabini na Mbili

Niliondoka Mombasa Novemba ya 1996 kufuata sahani. Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya harusi, na wageni wetu huvunja zaidi kuliko wanavyokula. Binti yangu Mwanaisha, muuguzi huko London, alikuwa ameona kadi dirishani mwa duka: sahani sabini na mbili, seti moja, zinauzwa. Mama wa bibi harusi mmoja alizisikia tu, akazitaka zote kwa meza kuu. Nikamwahidi haitapungua hata moja.

Woolwich, London, nyumbani kwa Mwanaisha, siku za mwanzo. Mwanaisha alikuwa akifanya shifti mbili. Tulionana ngazini, yeye akirudi, mimi nikishuka kununua mkate. Ngazi ni arobaini na tatu. Nilizihesabu mara mbili, kisha nikaendelea kuzihesabu kwa kukosa wa kuzungumza naye. Sokoni nilijaribu kubishana bei ya vitunguu; muuzaji akanionyesha kwa kidole kibao cha bei, basi.

Jumanne nilivuka jiji zima kwa treni hadi Ealing. Mwenye sahani alikuwa Mwajemi, Mzee Parviz, aliyefiwa na mkewe. Akaniita Haji, ingawa Makka sijafika. Nilipouliza bei akasema si kitu, nichukue tu. Nimekaa sokoni miaka thelathini: anayesema si kitu ndiye ghali. Tukaanza. Akataja bei ya juu, akashusha kidogo, akamimina chai, akasema nije kesho. Kesho yake vivyo hivyo. Nikatambua hana haraka ya kuuza. Nami, kusema kweli, sikuwa na haraka ya kununua.

Kati ya bei na bei alinisimulia. Ujanani alikuwa mhudumu Abadan, mji wa mafuta kwao Uajemi, kwenye klabu ya Waingereza wa kampuni ya mafuta. Waajemi walipewa fungu lao la mafuta yao wenyewe, ila vitabu vya hesabu vya kampuni hawakuruhusiwa kuvikagua. Waziri mkuu wao akasema mafuta ni mali ya nchi, hayana mjadala. Waingereza wakapanda meli wakaenda. Miaka miwili baadaye waziri akapinduliwa, kwa mkono wa London na Washington, na kampuni za kigeni zikarudi.

"Niliwaaga," alisema, "kisha nikawatandikia meza ile ile."

Mapinduzi ya pili, ya 1979, yalipoifunga klabu, alizinunua sahani zake mnadani, akaja nazo London.

Alhamisi tukaafikiana. Nikahesabu: sabini na moja. Nikarudia: sabini na moja.

"Mzee, moja iko wapi?"

"Jikoni. Ile ni yangu."

Nikamwambia nitamletea mpya, mbili, hata tatu.

"Haji, miaka ishirini na nane nilizibeba zikiwa na chakula cha wengine. Mhudumu hakuruhusiwa kuzitumia. Hiyo haiuzwi."

Ningeweza kumbana. Mtu mpweke hushusha bei upesi. Ningemwambia tu kwamba kesho siji. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini wageni walishawarudia Waajemi mara moja kwa kitu walichokataa kukitoa, mafuta yao. Nikazipanga sabini na moja katika sanduku lake, nikalifunga.

Mlangoni akauliza kama kesho nitakuja. Hapakuwa tena na cha kubishania. Nilikwenda hata hivyo, tukabishana mchana kutwa bei ya sanduku ambalo nilishaondoka nalo.

Mombasa, mama wa bibi harusi alihesabu, akarudia. Biashara yake nimeikosa tangu siku ile. Akauliza ya sabini na mbili iko wapi.

Nikamwambia ina mwenyewe.