Redio ya CD Tano

Juzi, dukani Mutsamudu, niliona redio ya CD tano kama ile aliyotuletea mjomba kutoka Moroni enzi za mamluki wa Kizungu visiwani kwetu. Muuzaji alisema, "Hizo zina sifa mbaya."

Niliipapasa, nikakumbuka. Siku ya hitima ya bibi, sebule ikinukia ubani, mama aliweka CD moja, ya Kurani. Mimi, mtoto bado, nilidhani mashine itaona njaa kwa zile nafasi nne tupu, nikaijazia muziki wa dansi. Kisomo kilipokwisha, sahani ya CD ndani ya redio ikazunguka yenyewe, gitaa likalia mbele ya wageni.

"Vitu vya bei rahisi havina adabu," mama aliwaambia kwa aibu. Tangu hapo, kila aliyemuuliza kuhusu redio ile alimkataza kuinunua, nami pembeni nikiitikia, "Kweli, mama." Tulimzika akiamini hivyo.