Sufuria ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa akija kwa mama na sufuria yake. Aliifunga kwenye kanga, akapanda nayo gari kutoka Kabasa, Bunda, akashuka nayo Musoma, kisha akapanda pikipiki mpaka kijijini kwetu, mbele ya Nyegina, imemkaa mapajani. Watu wa njiani walidhani amebeba chakula. Haikuwa na kitu. Alikuja nayo ili asipikiwe kwenye sufuria iliyowahi kupikiwa mumi.

Mumi ni kambale, samaki asiye na magamba. Ndiye aliyetukuza. Baba alikuwa mvuvi. Sato walienda kuuzwa, mumi akabaki nyumbani kutushibisha. Mdogo wangu alipoolewa alihamia kanisa la mumewe, wale wanaosali Jumamosi, na huko mumi haliwi, kwa kuwa hana magamba. Wakambatiza upya, kana kwamba maji ya utotoni mwake, ya kanisa letu la Jumapili, yalikuwa ya kunawia miguu. Hivyo ndivyo nilivyosema, tena mbele ya mumewe, na siku ya ubatizo sikwenda. Nasema haya mapema ili mtu asinidhanie wema huko mbele.

Mama hakubishana na yeyote. Jumamosi aliacha jembe kwa heshima ya mdogo wangu, Jumapili akaliacha kwa sababu ndiyo siku yake ya kanisani. Majirani wakamtania kwamba akipata mtoto wa tatu mwenye siku yake atakufa njaa. Alicheka nao. "Wote nimewazaa mimi," alisema. "Wakikujaga hapa nawapikia, basi." Mimi nilimwona mtu asiye na msimamo. Msimamo nilikuwa nao mimi, na aya za kuutetea nilizijua kwa moyo.

Mwaka mmoja kabla mama hajaugua, kanisa letu lilituma wanawake Butiama kwenye semina ya siku tatu kuhusu kutofautiana kwa upendo. Mwalimu alitufundisha kwamba kabla ya kumjibu mwenzako, umrudie kwanza alichosema, mpaka yeye mwenyewe akubali kuwa ndicho alichomaanisha. Tulifanya mazoezi wawili wawili. Nilisifiwa. Nilijaza kurasa nne za daftari, na ule ukurasa unaohusu kiburi nikaupiga picha, nikamtumia mdogo wangu kwenye simu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alikaa miezi mitatu bila kupokea simu yangu, nami nikasema unaona, kiburi chenyewe hicho.

Kisha mama akaanza kuumwa tumbo. Tulizunguka naye hospitali mpaka daktari akanivuta pembeni, akaniambia nimrudishe nyumbani akapumzike. Nilifunga kibanda changu cha vitenge sokoni Musoma, nikahamia kijijini kumuuguza. Alikuwa hali zaidi ya vijiko viwili. Siku moja akaomba simu, akampigia mdogo wangu nikiwa nimekaa hapo hapo.

"Ukuje Jumapili," alimwambia. "Nataka nile na nyie wawili, sinia moja. Mlikuwaga mnagombania minofu mkononi mwangu. Nikiona hilo nitaenda vizuri."

Hakuomba kingine. Hakutaka tupatane juu ya siku wala juu ya maji. Alitaka mikono mitatu kwenye sinia.

Jumapili hiyo nilitoka kanisani mapema. Nilinunua sato wawili wakubwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wa magamba kabisa, na mkiani mwa mmoja nikayaacha magamba kidogo makusudi, mdogo wangu ayaone kwa macho yake. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikasonga ugali wa muhogo, nikapika sato kwa nyanya na vitunguu. Mama nikamwegemeza ukutani kwa mito, nikamletea maji ya kunawa. Alinawa kwa muda mrefu, kidole kwa kidole.

Mdogo wangu akaingia na sufuria kwenye kanga.

Niliiona mara moja. Nilisema moyoni, hata leo? Alisalimia, akamshika mama miguu, akakaa mkekani. Akatazama sinia.

"Dada, umepikia sufuria gani?"

Maneno manne. Kama lile daftari la Butiama lingekuwa na faida, ningemuuliza: unataka kujua nimepikia sufuria gani? Naye angeendelea, na mimi ningemsikia. Badala yake nilimwambia, "Ya mama. Ile iliyokulisha mumi ukapata nguvu za kwenda kuolewa na watu wanaotuona najisi."

Wala sikuishia hapo. Wahenga wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku hiyo nilijikwaa ulimi mara kumi. Nilitaja ubatizo wake, nikamtaja mumewe, nikataja miezi aliyokaa bila kuja wakati mimi namfulia mama mashuka. Mama alisema, "Mwanangu, inatosha," na sikujua anamwambia nani. Mdogo wangu akasimama, akatoka nje analia. Nikasikia pikipiki inawaka. Sufuria yake ilibaki pale mlangoni, ndani ya kanga.

Mama alikuwa bado ameinua mikono yake iliyonawa, isiguse shuka. Ilimkaukia hivyo hivyo.

"Funika chakula," aliniambia. "Labda atarudi."

Nilifunika. Saa kumi aliniuliza, nikasema bado. Jua lilipoanza kushuka nikamwambia ale hata kidogo na mimi, akasema ameshiba. Sato wale waliliwa na kuku wa jirani. Kuanzia hapo mama alikuwa akinywa maji tu, na Alhamisi akafariki.

Baba mdogo ndiye aliyepanga mazishi, kwenye kundi la familia la simu. Aliandika kwamba walio kazini wataweza Jumamosi, akauliza kama siku hiyo ina shida kwa mtu. Nilijua ina shida kwa nani; kanisani kwake siku hiyo hawaziki. Mdogo wangu aliandika mstari mmoja: "Dada ndiye mkubwa, yeye aseme." Alinifungulia mlango, na kila mtu alikuwa anangoja. Jumapili ingewezekana kabisa. Nikaandika, "Jumamosi sawa." Nilijiambia mama ni mama, atakuja tu.

Hakuja. Tulimzika mama saa nane mchana. Mimi, binti mkubwa, nikaweka udongo, na pale aliposimama mdogo wangu siku tulipomzika baba pakawa wazi.

Alifika Jumapili asubuhi, wakati vijana wanashusha turubai. Alienda moja kwa moja kaburini, akapiga magoti, akakaa hapo mpaka kanga yake ikawa nyekundu kwa udongo. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilikuwa na maneno ya kumwomba msamaha, niliyapanga usiku kucha, na hayakutoka hata moja.

"Siku ile nilikuwa nauliza tu, dada," alisema bila kugeuka. "Njiani nilikuwa nimeshasema moyoni nitakula, hata ikiwa ya mumi. Nilitaka tu ujue kwamba najua ni sufuria gani, na bado nimekula."

Kisha akageuka kunitazama.

"Nilipoondoka, mama alikula?"

"Alikula," nilimwambia. "Alikula vizuri, akamaliza na mkia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akajifuta uso. Katika miaka yote ya ugomvi wetu hilo ndilo neno la upole pekee nililowahi kumpa, na lilikuwa uongo. Aliingia ndani, akachukua sufuria yake pale mlangoni, akaifunga vizuri kwenye kanga, akaenda kutafuta gari la Bunda. Tangu siku hiyo hajaja tena.